Una Haki ya Njia, Ila Dereva Hajakuona: Mwongozo kwa Mwendesha Pikipiki

Gari linalokata kulia linatakiwa kumpisha anayekuja kwa mbele akiwa ananyoosha. Linalotoka barabara ndogo linampisha aliye barabara kuu. Linalotoka getini, sheli au kituo cha daladala linasubiri hadi njia iwe wazi. Kwenye kipilefti, anayeingia anampisha aliyekwisha kuingia, yule anayetokea kulia kwake. Hakuna mahali kanuni hizi zinaposema "isipokuwa anayekuja ni bodaboda". Pikipiki ni chombo cha moto kama Fuso, na haki yake ya njia ni ileile.

Sasa pita Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, kati ya Kimara na Mbezi saa moja jioni, uone kanuni hizo zinavyoheshimiwa.

Ninachokushauri hapa kina pande mbili. Ukiwa juu ya pikipiki, endesha kana kwamba huna haki yoyote ya njia. Ukishagongwa, ishikilie haki hiyo kwa mikono miwili. Wengi wetu tunafanya kinyume: barabarani tunalazimisha kwa kuwa "njia ni yangu", halafu tukiangushwa tunapokea elfu hamsini ya dawa, tunanyoosha hendeli iliyopinda na kuondoka tukichechemea. Mwongozo huu unaihusu Tanzania, na kuna sehemu fupi kwa walio Kenya.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini hakuoni

Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa University of Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza eneo la Los Angeles, wakizifikia papo hapo barabarani. Katika ajali zilizohusisha pikipiki na chombo kingine, karibu theluthi mbili dereva wa chombo kile ndiye aliyevunja haki ya njia ya pikipiki. Picha iliyojirudia zaidi ni gari lililokata mbele ya pikipiki iliyokuwa inanyoosha. Kule wanaendesha kulia, kwa hiyo gari lilikuwa linakata kushoto. Kwetu ni yule anayekata kulia kuingia sheli, kanisani au mtaani kwake. Na mwendesha pikipiki wa kawaida alikuwa na chini ya sekunde mbili za kufanya chochote.

Madereva wengi wakikwambia "sikumuona" hawadanganyi, ingawa hilo haliwaondolei kosa. Pikipiki ikija usawa wa macho yako ni kitu chembamba, na inakuwa kubwa polepole sana hadi inapokaribia, ndipo inatokeza ghafla. Jicho hukadiria umbali na kasi kwa ukubwa wa kitu, kwa hiyo dereva anaona kitu kidogo na kujiambia bado kiko mbali. Kuna pia ile nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele. Kwenye Noah au Hiace inatosha kabisa kuificha pikipiki yote na abiria wake, na kadiri nyote wawili mnavyosogea, unaweza kuendelea kufichwa hadi mwisho. Isitoshe, dereva anatafuta magari. Kichwani mwake barabara isiyo na gari ni barabara tupu.

Ndiyo maana kumtazama dereva usoni hakutoshi. Anaweza kukukodolea macho na bado akaingia.

Hatua ya 2: Jifanye uonekane, mchana na usiku

Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004 uliwalinganisha waendesha pikipiki waliopata ajali na wasiopata. Waliovaa nguo za kung'aa au za kuakisi mwanga walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 37. Wenye kofia nyeupe, wakilinganishwa na wenye nyeusi, pungufu kwa asilimia 24. Waliowasha taa mchana, pungufu kwa asilimia 27. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachozidi bei ya tairi.

Washa taa ya mbele kila unapowasha pikipiki, jua likiwaka au lisiwake. Usiwashe fulu mchana ukidhani ndiyo utaonekana zaidi. Mtu aliyemulikwa machoni hawezi kukadiria umbali wako. Pikipiki nyingi ndogo taa yake hufifia injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kuvutwa mafuta, kwa hiyo unapokaribia njia panda polepole ndipo unapoonekana kidogo zaidi. Mpe fundi aangalie chaji na glopu. Taa ya nyuma na ya breki nazo zikaguliwe: bonyeza breki usiku ukiwa karibu na ukuta uone kama ukuta unageuka mwekundu.

Koti la kuakisi lisifunikwe. Begi la mgongoni linalificha kwa nyuma, abiria analificha pia, na mzigo wa mkaa ndio usiseme. Anayebeba abiria usiku amvalishe abiria koti, au abandike utepe wa kuakisi nyuma ya kofia zote mbili. Koti lililofuliwa na kuanikwa juani mwaka mzima linabaki na rangi tu, uakisi umekwisha. Limulike kwa tochi ya simu ukiwa umesimama mbali kidogo, utajua.

Hatua ya 3: Soma gurudumu, achana na uso

Chukua tukio moja. Uko kwenye lami ya njia mbili, mwendo wa 60. Mbele yako upande wa pili kuna Noah imesimama katikati ya barabara, indiketa ya kulia inawaka, inataka kuingia sheli iliyo kushoto kwako. Nyuma ya Noah foleni imeanza na mtu ameshapiga honi.

Angalia gurudumu la mbele la Noah. Uso wa dereva unaweza kukudanganya, indiketa inaweza kuwa imesahaulika tangu Ubungo, lakini gari haliwezi kukata bila gurudumu kuzunguka, na gurudumu huanza kusogea kabla bodi haijaonekana kugeuka. Angalia lilivyokaa pia. Kama tayari limepindwa kulia, gari litakuwa mbele yako mara tu mguu utakapoachia breki.

Wakati huohuo fanya mambo manne: achia mafuta, weka vidole viwili juu ya breki ya mbele na mguu juu ya breki ya nyuma, sogea ndani ya njia yako kuelekea pale utakapoonekana mapema, na chagua mahali pa kukimbilia. Kusogea huko kidogo kwa ubavu kunasaidia sana. Kitu kinachokuja kikiwa kimenyooka jicho hukikosa. Kikihama kushoto au kulia jicho hukidaka. Kama kuna daladala mbele yako inayokuficha, bakia nyuma zaidi ili uione Noah nayo ikuone. Kumganda daladala na kutokea nyuma yake ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kukutana na anayekata kulia, kwa sababu yeye anasubiri daladala ipite, kisha anaingia bila kuwaza kama kuna kitu nyuma.

Dereva akikuwashia fulu, usichukue kama ruhusa. Wengine wanamaanisha "pita", wengine wanamaanisha "napita mimi", na wengine wanamsalimia rafiki yao aliye nyuma yako.

Hatua ya 4: Jifunze breki ya mbele

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu inayoua na haifundishwi kijiweni. Kijiweni utaambiwa breki ya mbele inabinua pikipiki. Kwa hiyo mtu anaendesha miaka na mguu wa kulia tu, siku gari linapomkatia njia anakanyaga kwa nguvu zote, gurudumu la nyuma linafunga, pikipiki inateleza ubavu na yeye anafika kwenye gari akiwa chini. Ripoti ya Hurt iliona hilohilo: wengi walikanyaga ya nyuma hadi ikateleza, na ya mbele waliitumia kidogo mno.

Hesabu yake ni hii. Kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa unasafiri karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde ya kwanza huenda yote kwenye kushtuka na kufikisha mkono kwenye breki. Baada ya hapo, ukitumia breki zote mbili vizuri kwenye lami kavu, unahitaji mita 20 hadi 25 kusimama. Ukitumia ya nyuma peke yake, karibu mara mbili yake. Vidole vilivyokwisha kuwekwa juu ya breki vinakuokolea sehemu ndogo tu ya sekunde, ila kwa kasi hiyo sehemu hiyo ni karibu urefu wa gari dogo. Tofauti kati ya kugusa bampa na kuingia mlangoni.

Jizoeze hivi: tafuta sehemu tambarare ya lami isiyo na magari asubuhi na mapema. Nenda 30. Shika breki ya mbele kwa kuikaza kama unavyokamua nguo, taratibu kwanza, uzito uhamie gurudumu la mbele, kisha kaza zaidi, huku ya nyuma ikisaidia. Hendeli iwe imenyooka. Macho mbele, si kwenye tairi. Rudia hadi mkono ufanye bila kuuliza, halafu panda hadi 40, kisha 50. Mwishowe fanya ukiwa na mtu nyuma, maana abiria akisukumwa mbele na uzito wake ukakuegemea mikononi, mambo hubadilika. Kwenye vumbi, mchanga au lami iliyolowa matone ya kwanza ya mvua, nguvu ya mbele ipungue, na dawa kubwa huko ni kwenda polepole tangu mwanzo.

Breki yenyewe iwe nzima. Boxer na TVS nyingi zina breki ya ngoma mbele. Waya ukilegea, unavuta hadi mpini unagusa gripu na pikipiki haijaanza kupunguza mwendo. Kukaza ile nati ni kazi ya dakika mbili.

Hatua ya 5: Sehemu za kupunguza kabla hujaona tatizo

Daladala iliyosimama: usipite kushoto kwake, abiria anashuka, na ukipita kulia tazama tairi lake la mbele na mkono wa konda. Konda akigonga bodi, gari linaondoka bila kuangalia kioo.

Lori linalokata kushoto: lori refu hutanuka kulia kwanza ili lipate nafasi. Waendesha pikipiki wanaona uwazi kushoto, wanajichomeka. Uwazi huo ndio lori linapokuja kupita, na dereva wa tela hana namna ya kukuona hapo. Ukiwa huoni kioo chake, naye hakuoni.

Gari lililoegeshwa lenye mtu ndani: acha upana wa mlango.

Mataa yakiwa ndiyo kwanza yamekuwa kijani: ngoja kidogo, tazama kulia kisha kushoto. Yupo mmoja anayemalizia nyekundu.

Njia ya mwendokasi: usiingie. Basi lile lina haki ya njia, lina uzito wa tani nyingi na halitarajii mtu. Na ukigongwa mle, kila nitakachokueleza hapa chini kuhusu haki yako kinageuka dhidi yako.

Maeneo yenye makazi kikomo ni 50, na mtu aliyekuwa 80 alipokatiwa njia ataulizwa juu ya hiyo 80 hadi mwisho wa kesi.

Hatua ya 6: Kofia na karatasi

Tathmini ya tafiti nyingi iliyofanywa na taasisi ya Cochrane mwaka 2008 ilikuta kofia ngumu inapunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Iwe na ile foamu ngumu nyeupe ndani, maana ndiyo inayobonyea badala ya fuvu lako, na mkanda uwe umefungwa. Kofia isiyofungwa hutangulia kufika chini bila wewe. Iliyokwisha kupata kishindo kikubwa ibadilishwe hata kama nje haionekani kitu. Abiria naye awe na yake.

Leseni yenye daraja la pikipiki, kadi na bima viwe sawa. Sisemi haya kwa ajili ya trafiki wa pale mbele tu. Ukigongwa na huna leseni au kofia, upande wa pili hautaongelea tena dereva aliyekata bila kupisha, utaongelea wewe. Mahakama inaweza kukupunguzia fidia kwa sehemu ya uzembe wako mwenyewe hata kama aliyekugonga ndiye mkosaji.

Hatua ya 7: Umegongwa. Nusu saa ya kwanza

Kama huwezi kusimama, usisimame. Waambie watu wasikuvute mkono na wasikuvue kofia, isipokuwa kama huwezi kupumua. Na wasikupakize mshikaki, katikati ya watu wawili kwenye bodaboda nyingine kukimbizwa hospitali. Uti wa mgongo uliopata ufa unaweza kukatika kabisa safarini. Bora Bajaji au gari la kulaza mtu, na aliyeumia ashikwe kichwa na shingo visichezecheze.

Kama unajimudu, au una mwenzako, vifanyike vitu hivi kabla magari hayajasogezwa:

Namba ya gari ipigwe picha. Kama limekimbia, mtu aandike alichokiona hata nusu: rangi, aina, herufi za mwisho, na kama kibao kilikuwa cha njano (binafsi) au cheupe (biashara). Kisha picha za eneo lote kutoka mbali, zionyeshe makutano, alama za barabarani, mahali gari liliposimama na mahali pikipiki ilipolala. Halafu karibu: vioo vilivyomwagika, michubuko ya lami, alama za tairi. Vioo na vumbi lililodondoka chini ya bodi huonyesha ni wapi hasa mligongana, na hivyo ni upande wa nani. Mvua au mfagiaji wa barabara anaviondoa ndani ya saa moja. Stika ya bima ni ya kielektroniki siku hizi, namba ya gari inatosha kuithibitisha kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima.

Mashahidi: chukua namba za simu za watu wawili wasio wa kijiweni kwako. Muuza vocha wa pale pembeni, mlinzi wa sheli. Sheli nyingi zina kamera. Omba mapema zisifutwe, na umtajie askari kwamba zipo ili azifuatilie.

Kuhusu wenzako. Wakisikia bodaboda kagongwa watajaa, na hasira itakuwepo. Wazuie wasimguse dereva wala gari lake. Dereva aliyetishiwa akikimbilia kituo cha polisi anakuwa na sababu ya kueleweka ya kuondoka eneo la tukio, na wewe unapoteza picha, vipimo na pengine shahidi aliyeogopa vurugu. Kioo kilichovunjwa na kundi kinaweza kuwa kesi ya pili, safari hii mshtakiwa akiwa rafiki yako.

Piga 112, subirini trafiki apime.

Hatua ya 8: Kituoni, chagua maneno yako

Aliyeumia anahitaji PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha. Mgonjwa apelekwe hospitali, ndugu aifuate fomu kituoni. Daktari ataijaza, nawe hakikisha imerudi polisi na umebaki na nakala. Jeraha ambalo halikuandikwa kwenye PF3 litakuwa gumu kulithibitisha baadaye, kwa hiyo mwambie daktari kila panapouma, hata kidole.

Kisha maelezo. Watu wengi husema "nilikuwa naenda, ghafla gari likatokea, nikagonga". Isome sentensi hiyo kama wakili wa bima: huyu hakuwa anaangalia mbele, na ndiye aliyegonga. Sema kilichotokea kwa hatua: "Nilikuwa natoka Mbezi kwenda Kimara, nimenyoosha, niko upande wangu wa kushoto, taa imewashwa. Gari namba fulani lilikuwa linakuja upande wa pili. Lilikata kulia kuingia sheli bila kusimama kunipisha. Nilishika breki. Tuligongana ndani ya upande wangu wa barabara." Usikisie kasi usiyoijua, usiongeze chumvi. Soma ulichoandikiwa kabla ya kusaini, na kama kuna kilichobadilika kiombe kirekebishwe. Uwepo au mwakilishi wako awepo ramani ya ajali inapochorwa, aone mahali pa kugongana pamewekwa upande sahihi wa mstari wa kati.

Uliza jina la askari mpelelezi na namba ya jalada. Bila hivyo viwili, utakuwa unarudi kituoni kuuliza "ile ajali ya juzi".

Hatua ya 9: Jua dereva anaweza kupata adhabu gani

Sheria kuu ni Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168. Dereva asiyepisha anaweza kuangukia ngazi tofauti, na maelezo yako pamoja na vipimo vya trafiki ndivyo vinavyoamua ni ipi.

Ngazi ya chini ni faini ya papo kwa papo, ile ya kuandikiwa. Kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kosa. Pikipiki na Bajaji zilikuwa zinalipa hiyohiyo hadi bajeti ya 2021 iliposhusha yao kuwa 10,000. Dereva aliyekuvunja mguu atafurahi sana akiondoka na karatasi ya elfu thelathini ya kutotii alama. Ukisikia ndivyo inavyoelekea na wewe una jeraha kwenye PF3, muulize mpelelezi kwa adabu kwa nini jalada haliendi mahakamani, na kama hujaridhika onana na mkuu wa usalama barabarani wa wilaya.

Ngazi ya pili ni mashtaka mahakamani ya kuendesha kwa uzembe au kwa hatari. Ya tatu ni kusababisha jeraha au kifo kwa kuendesha hivyo, na hapo kifungo kinakuwa mezani pamoja na faini. Mahakama ina uwezo pia wa kumfungia dereva leseni, na kwa dereva wa biashara hiyo mara nyingi inauma kuliko faini. Ukiacha Sura ya 168, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nayo inamgusa anayeendesha ovyo kiasi cha kuhatarisha maisha ya watu. Kama alikuwa amekunywa, omba apimwe siku hiyohiyo. Kesho yake pombe haipo.

Kukimbia baada ya kugonga ni kosa jingine linalosimama lenyewe, hata kama ajali haikuwa makosa yake.

Kwa walio Kenya: Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 46 kinaweka hadi miaka 10 jela kwa anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari. Kifungu cha 47, kuendesha ovyo, ni faini isiyozidi shilingi 100,000 za Kenya au kifungo kisichozidi miaka 2 kwa kosa la kwanza. Kofia na jaketi la kuakisi ni lazima kwa mwendeshaji na abiria wake, abiria mmoja tu. Karatasi zako ni abstrakti ya polisi na fomu ya P3. Bima ya kule ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja aliyeumia, kinachozidi hapo unamdai mwenye gari.

Hatua ya 10: Fidia

Faini inaingia serikalini, wewe huambulii kitu. Fidia ni njia nyingine. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu, na mtu wa tatu ni wewe uliyegongwa, na abiria wako. Bima kwa kawaida watataka fomu za polisi PF90, PF93 na PF115, ramani ya ajali, PF3, risiti za hospitali na matengenezo, na nakala ya hukumu kama dereva alitiwa hatiani. Ndiyo sababu kesi ya jinai ina faida kwako hata kama humchukii dereva. Kipato ulichokosa nacho kinadaiwa: anayeendesha bodaboda aweke kumbukumbu ya hesabu aliyokuwa akimpelekea tajiri kila siku, kwenye daftari au miamala ya simu.

Kama gari halikuwa na bima, mwenye gari analipa mwenyewe, kwa hiyo tafuta jina lililo kwenye kadi, si la dereva tu.

Dereva akitaka kuyamaliza nje, hilo linaruhusika kwa uharibifu mdogo wa chombo. Lakini kwanza hospitali, halafu fundi aandike gharama, ndipo mzungumze, na makubaliano yaandikwe kituoni. Usisaini karatasi yenye "sina madai mengine" siku ya ajali. Damu ikiwa bado ina moto hausikii goti, na jeraha la ndani ya kichwa linaweza kujitokeza baada ya siku kadhaa.

Kesi ya madai ya aina hii ina ukomo wa miaka 3, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Inahesabiwa tangu siku uliyogongwa, na mazungumzo na kampuni ya bima, hata yawe matamu kiasi gani, hayaisimamishi saa hiyo.